Mzee Majuto na gharama ya kukubali kila filamu

Vijana wa vikundi vya maigizo Mtwara na Lindi hubishana sana kuhusu njia aliyopita Mzee Majuto. Mchekeshaji huyu wa Tanga, jina lake halisi Amri Athumani, alianzia jukwaani, akaingia kwenye video, akacheza filamu nyingi mno hadi sura yake kwenye kava ikawa inatosha kuuza. Alifariki Muhimbili, Agosti 8, 2018. Mwaka huohuo, akiwa mgonjwa, mikataba yake ikawa gumzo la nchi, na Harrison Mwakyembe, waziri wa sanaa wa wakati huo, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Je, mwigizaji akubali kila kazi inayokuja?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mwigizaji wa aina hii anauza mazoea: mtazamaji amjue baba mkali au mganga kabla hajafungua mdomo, na hilo haliji kwa filamu 2. Halafu, enzi za DVD msambazaji wa Kariakoo alinunua masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa mkupuo, wala hakuna aliyejua zimetoka nakala ngapi. Hata stempu za kodi za kubandikwa kwenye DVD zilipoanza mwaka 2013, nakala za kuchoma hazikuisha. Mwigizaji wa Masasi aliyeahidiwa asilimia ya mauzo angeikagua vipi? Kuchukua taslimu ilikuwa akili.

Tatizo ni kile kinachouzwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji, lakini mstari mmoja tu, "haki zote ni za prodyuza", unamwacha mikono mitupu. Filamu aliyolipwa mara moja inakatwa vipande, inapandishwa YouTube, inaingiza fedha, yeye hahusiki.

Siku nazo huliwa. Chukua kazi ya ufukweni Mikindani mwezi wa saba. Kusi inavuma, upepo unaingia kwenye maiki isiyovalishwa manyoya ya kuzuia upepo, mazungumzo hayasikiki, sini inarudiwa kesho. Aliyekubaliana siku 3 kwa mdomo anafika siku ya 5 kwa malipo yaleyale, na kazi ya Lindi aliyokwishaahidi inampita. Mwenye filamu nyingi ndiye anayeumia zaidi hapa.

Kwa hiyo siwalaumu wanaokubali nyingi. Nawalaumu wanaoingia kambini bila karatasi. Ukurasa mmoja unatosha: uhusika, idadi ya siku na malipo ya kila siku inayozidi, nusu ya fedha kabla kamera haijawashwa, nauli na malazi kando, filamu itaonyeshwa wapi na kwa miaka mingapi. Tangazo la biashara liwe na mkataba wake peke yake. Nakala ziwe 2, moja ikae nyumbani kwa mwigizaji.

Prodyuza mdogo wa Mtwara atalalamika, na kweli bajeti yake ikipanda kidogo tu filamu haitoki. Huyo mpunguzie bei, usimwongezee muda: mpe miaka 5 ya kuionyesha filamu, kisha mkae tena mezani.