Mbuzi, Kisahani Kirukacho na Mfungwa: Utani Kwenye Chupa za Mvinyo

Tamka haraka haraka "Goats do Roam", kisha tamka "Côtes du Rhône". Sikio lisilo makini halioni tofauti. La kwanza, yaani "mbuzi huzurura", ni jina alilolibuni Charles Back wa shamba la Fairview huko Paarl, Afrika Kusini, kwa mvinyo wa zabibu zenye asili ya bonde la Rhône. La pili ni jina la eneo la Ufaransa linalolindwa kisheria. Wafaransa walipolalamika, Back aliwaswaga mbuzi wakaandamane nje ya ubalozi mdogo wa Ufaransa jijini Cape Town. Aliyekuwa hajalisikia jina hilo, basi alilisikia.

Wajuzi wengi wa mvinyo hawacheki. Kwao hizi chupa zenye vikatuni na majina ya mzaha ni uzuri wa mkakasi: mapambo nje, ndani kipande cha mti. Hoja hiyo ina ukweli, maana pesa iliyokwenda kwenye mchoro haikwenda shambani. Ila inasahau kwamba picha ya kasri la kale kwenye lebo za kifahari nayo ni tangazo. Château Mouton Rothschild, shamba maarufu la mvinyo la Ufaransa, imekuwa ikiwapa wasanii lebo yake karibu kila mwaka tangu 1945, na ya 1973 ina kazi ya Picasso. Hapo hakuna anayelalamika kwamba chupa inajipamba.

Halafu kuna mnunuzi mwenyewe, amesimama mbele ya rafu ndefu iliyojaa majina ya vijiji asivyoweza kuvitamka. Yellow Tail ya Australia ilipoingia Marekani mwaka 2001, na mnyama wake wa jamii ya kangaruu akiruka kwenye lebo, ilimwondolea mtu huyo aibu. Na mvinyo wenyewe ulifanana na lebo: laini, wenye utamu kidogo, usiokausha ulimi. Unaweza kuuona mwepesi mno (mimi nauona hivyo), lakini huwezi kusema ulimdanganya mtu.

Tena utani unaweza kubeba elimu. Mwaka 1954 meya wa Châteauneuf-du-Pape, mji wa mvinyo wa Ufaransa, alipiga marufuku visahani virukavyo, yaani vyombo vinavyodhaniwa kutoka sayari nyingine, kutua katika eneo lake. Miaka thelathini baadaye Randall Grahm wa California akauita mvinyo wake wa mtindo wa kule Le Cigare Volant, yaani sigara irukayo, jina ambalo Wafaransa waliviita vyombo hivyo. Lebo yake ni mchoro wa kizamani wa shamba la mizabibu, wenye heshima zote, mpaka uone chombo kimening'inia angani kikimulika mwali mwekundu. Anayeujua mkasa anacheka, na papo hapo ameshajua mvinyo huo unaiga wa wapi.

Kinachonikera mimi ni utani unaomgeuza mtu halisi kuwa kitu kingine. 19 Crimes, chapa ya mvinyo ambayo jina lake linatokana na makosa kumi na tisa yaliyoweza kumfanya mtu asafirishwe kwa nguvu kutoka Uingereza hadi Australia, huweka sura za wafungwa halisi kwenye chupa. Ukiielekeza simu yenye programu yao, mfungwa anafumbua mdomo na kukusimulia. Inavutia, sikatai. Lakini mmoja wao ni John Boyle O'Reilly, mwanaharakati wa uhuru wa Ireland aliyefika Australia mwaka 1868 akiwa mfungwa, akatoroka mwaka uliofuata, kisha akawa mshairi na mhariri wa gazeti mjini Boston. Kwenye rafu hayo yote yanamezwa na neno moja: mhalifu. Watetezi watasema bila chupa hiyo wengi wasingelisikia kamwe jina lake, na hapo nakosa jibu la haraka. Ila anayelisikia hapo analisikia likiwa limeshabandikwa kosa, na ushairi wake ataukuta tu akijisumbua kuutafuta mwenyewe.