Sholay ya kwenye flashi

Jai anapokufa katika filamu ya Kihindi Sholay, rafiki yake Veeru anaitazama ile sarafu waliyokuwa wakiirusha kila walipobishana. Anaigeuza. Pande zote mbili zina picha ileile. Kumbe Jai alikuwa akijiamulia mwenyewe tangu mwanzo, hata siku ya kubaki nyuma afe.

Kwenye nakala niliyowekewa kwenye flashi kwa shilingi 500, sarafu hiyo ni doa la kijivu tu. Nilimwona Veeru akichanganyikiwa, nikadhani ni uchungu wa msiba basi.

Ndiyo maana, nikiulizwa kama ni sawa kutazama nakala ya wizi, sianzi na sheria, ingawa ipo: India hulinda filamu kwa miaka 60, na hii iliyoongozwa na Ramesh Sippy, iliyotoka tarehe 15 Agosti 1975, ina mwenyewe mpaka mwisho wa 2035. Nani anachomeka flashi huku akihesabu miaka?

Muuza flashi naye ana utetezi, tena si wa kipuuzi. Haki za picha za zamani huuzwa nchi kwa nchi. Unaweza kuwa na bando na kadi ya benki, bado ukaambiwa haionyeshwi ulipo. Halafu lugha. Waliomfanya adui wa Kihindi atishie watu kwa Kiswahili mara nyingi ni madijei wa vibanda umiza, si wenye haki. Na tusisahau kwamba hata waliokata tiketi mwaka 1975 walipunjwa: India ilikuwa katika hali ya hatari, bodi ya ukaguzi haikutaka Thakur, polisi mstaafu, amuue jambazi Gabbar kwa miguu yake, ikabidi mwisho upigwe picha upya, polisi wakawahi kumzuia. Uhalali haukumaanisha ukamilifu.

Lakini mwisho ule wa asili umerudije, tena ukiwa safi? Negativu, yaani mkanda wa asili uliotoka kwenye kamera, ilikuwa imeharibika vibaya. Film Heritage Foundation, shirika la India la kuhifadhi filamu, na familia ya Sippy walikusanya mikanda iliyosalia India na Uingereza, wakaisafisha kwa takriban miaka mitatu, filamu ikaonyeshwa Bologna, Italia, Juni 2025. Kazi hiyo ina gharama, na mia tano yangu iliishia kibandani.

Kwa hiyo, inapopatikana ulipo kwa bei unayoimudu, kisingizio cha flashi sikikubali. Isipopatikana, lawama ya kwanza naitupa kwa aliyefunga duka kisha akalalamika wateja wamepitia dirishani.

Mimi nimeshaifuta ile ya kwangu. Naisubiri iliyosafishwa ifike huku kihalali, niione sarafu.