Kupachika nodi ni kazi moja, si tatu

Binti ya kaka yangu anasoma kompyuta katika chuo kimoja hapa Mombasa. Juzi alinijia na fotokopi za kozi ya lugha ya programu ya C. "Ami, hizi ndizo za kuhifadhi." Nikasoma. Funksheni ya kupachika nodi mwanzoni mwa orodha iliyounganishwa (linked list), ambamo kila nodi ni kisanduku chenye thamani na anwani ya nodi inayofuata. Nyingine ya katikati. Nyingine ya mwishoni. Ya nne, iwapo orodha ni tupu. Kila moja na `if` (masharti) zake na visanduku vyake vya mishale, na juu kwa herufi kubwa: MUHIMU KWA MTIHANI.

Kuhifadhi! Juzuu Amma tulihifadhi utotoni tukaahidiwa thawabu. Hizi zina thawabu gani?

Karatasi zenyewe hazikukosea, msimbo unafanya kazi. Kinachoniudhi ni kumwaminisha mtoto kwamba mwanzo, kati na mwisho ni mambo matatu, ilhali ni jambo moja tu. Kuna pointa, yaani kishika anwani, mahali fulani; imeshika anwani ya nodi au imeshika NULL, yaani hakuna kitu. Nodi mpya inachukua kilichoshikwa na pointa ile, kisha pointa ile inashika nodi mpya. Basi. Iwe pointa hiyo ni `kichwa`, inayoshika nodi ya kwanza, iwe ni `fuata`, inayoshika nodi ya mbele, ya nodi ya kati, iwe ni `fuata` ya nodi ya mwisho yenye NULL, kazi haibadiliki hata kwa nukta.

Ukitafuta nyumba Mji wa Kale, nani atakupa namba? Utaambiwa nenda pale dukani ukaulize. Mwenye duka atakutuma kwa fundi cherehani, fundi atakutuma mbele. Kila mmoja amjua wa mbele yake tu. Sasa mgeni akihamia baina ya duka na fundi, mtaa mzima wajulishwe wa nini? Mgeni aonyeshwe kwa fundi, kisha mwenye duka abadilishe jibu lake. Kwa mpango huo huo! Ukianza na mwenye duka, hakuna tena anayejua fundi yuko wapi. Kwenye C mambo huwa mabaya zaidi: ukiandika `hapa->fuata = mpya;` kwanza halafu `mpya->fuata = hapa->fuata;` (`hapa` ndiye mwenye duka, `mpya` ndiye mgeni), nodi mpya inajielekeza yenyewe, na kitanzi cha kuchapisha orodha hakiishi mpaka uue programu.

Hili ndilo la kuandikwa kwa herufi kubwa. Badala yake wanafunzi wanapewa matawi ya `if`.

Tazama inavyokuwa ukibeba anwani ya pointa yenyewe, kwa orodha iliyopangwa kutoka ndogo hadi kubwa:

```c
int pachika(struct nodi **p, int thamani)
{
    struct nodi *mpya = malloc(sizeof *mpya);
    if (!mpya)
        return 0;
    while (*p && (*p)->thamani < thamani)
        p = &(*p)->fuata;
    mpya->thamani = thamani;
    mpya->fuata = *p;
    *p = mpya;
    return 1;
}
```

Unaiita `pachika(&kichwa, 7)`. Orodha tupu, mwanzo, kati, mwisho: zote zimo, na `if` pekee iliyobaki ni ya `malloc`, kuhakikisha kumbukumbu iliyoombwa imepatikana. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, katika mahojiano ya TED mwaka 2016, alionyesha mtindo huu huu kwa upande wa kuondoa nodi, akasema hiyo ndiyo ladha nzuri ya kuandika msimbo. Sisi huku ladha tunaijulia kwenye biriani tu.

Na nyota mbili hizo za `**p` zinaponya ugonjwa mwingine. C hupitisha nakala. Funksheni ikipokea `struct nodi *kichwa` kisha ikaandika `kichwa = mpya;`, iliyobadilika ni nakala; kule `main`, funksheni kuu ya programu, orodha bado ni tupu, na kumbukumbu uliyoomba imevuja. Mwanafunzi aliyehifadhi hawezi kuliona hilo, kwa sababu kwenye karatasi hakuna mshale wake.

Haya, nakubali: nyota mbili zinatisha, na siku ya kwanza michoro mitatu humsaidia mtu kuona. Siku ya kwanza. Si muhula mzima, na wala si kwenye mtihani, ambako anayeandika funksheni moja iliyo sahihi anakatwa alama kwa kuwa hakufuata karatasi.

Mengine ni madogo. Ukipachika mwishoni kila mara, weka pointa ya mwisho, usitembee orodha nzima kila mara. Mara nyingi safu (array) ya kawaida ingekushinda kwa kasi, maana data zake ziko pamoja kwenye kumbukumbu. Na hiyo `(struct nodi *)` mnayoibandika mbele ya `malloc`, walimu wangu, ni ya C++. Ivueni.