Waliambiwa Waandike "Hali ya Kawaida"

Jirani yangu hapa Embakasi, Nairobi, ni mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi mbele ya skrini ya rada. Hajaniambia kazi hiyo aliifanyia kituo gani, nami sikumbana. Jioni tukiketi kwenye roshani ya ghorofa yetu, ndege zikishuka kuelekea uwanjani, hunitajia aina ya ndege kwa kusikia ngurumo yake tu, kabla mimi sijaiona taa. Tulikuwa tumefahamiana zaidi ya mwaka mmoja aliponisimulia kisa cha usiku mmoja wa zamani, zaidi ya miaka 30 iliyopita. Nukta ilitokea kwenye skrini yake mahali ambapo hakuna ndege iliyotarajiwa kupita. Ikakaa palepale kwa muda. Kisha ikahama kwa kasi ambayo hakuwa ameiona kabla wala hajaiona tena, ikapotea. Akaandika yote kwenye kitabu cha zamu: saa, umbali, mwelekeo. Asubuhi mkubwa wake akaupitia ule ukurasa, akamwita kando, akamwamuru auandike upya: hali ya kawaida.

"Mwalimu," aliniambia, "sidai najua kilikuwa nini. Huenda ni hewa tu. Lakini kawaida haikuwa."

Nafundisha fizikia katika shule ya upili, na kinachoniuma katika kisa hiki ni ule ukurasa. Ukitaja vitu visivyotambulika angani katika mji huu, nusu ya watu watacheka na nusu watakuambia habari za viumbe wa sayari nyingine, na wote wawili watakuwa wamemruka yule mtu aliyekuwa kazini, aliyetazama chombo alichofunzwa kukisoma, akaandika alichokiona, kisha akafutiwa.

Rada haina imani wala woga. Hutoa mpigo wa mawimbi ya redio, hunyamaza, husikiliza mwangwi. Mwangwi ukichukua milisekunde moja kurudi, kilichourudisha kiko umbali wa kilomita 150 hivi. Hesabu yake ni nyepesi, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaifanya ubaoni. Ugumu uko kwenye kujua ni nini kilichourudisha. Mvua hurudisha mwangwi, nzige hurudisha, korongo wanaohama kwa makundi hurudisha. Waendeshaji wa rada wa zamani walikuwa na miangwi isiyo na mwenyewe ambayo waliiita "malaika", mpaka ikabainika kwamba wengi wa malaika hao walikuwa ndege wenye manyoya. Halafu kuna hewa yenyewe. Aliyewahi kupita karibu na mtaa wa mabanda wa Mukuru asubuhi ya baridi ya Julai ameuona moshi uliokataa kupanda, umelala juu ya mabati kama shuka. Hewa baridi iko chini, yenye joto imeifunika kwa juu. Mawimbi ya rada yakifika kwenye mpaka wa hewa hizo mbili hupinda, yakagonga vitu vya ardhini, na skrini ikaonyesha lori lililo barabarani kana kwamba linapaa.

Naeleza haya kwa sababu ndiyo maelezo yaliyotolewa Washington mwaka 1952. Usiku wa Jumamosi, tarehe 19 Julai, saa tano na dakika 40, waongozaji wa ndege katika uwanja wa kitaifa wa jiji hilo waliona nukta saba pasipo na ndege. Rada nyingine ya uwanja huohuo ikaziona nukta, na kambi ya wanahewa ya Andrews ikaripoti vitu vyake. Ndege za kivita aina ya F-94 zilipaa kutoka Delaware kwenda kuvitafuta. Wikendi iliyofuata yakarudi yaleyale. Tarehe 29 Julai, Meja Jenerali John Samford wa jeshi la wanahewa la Marekani akaketi mbele ya waandishi wa habari Pentagon, katika mkutano mkubwa kuliko wowote jeshi hilo lililokuwa limeufanya tangu vita vya pili vya dunia, akasema huenda ilikuwa hewa ya joto iliyolalia hewa baridi.

Yawezekana alisema kweli. Fizikia yake ni sahihi, nami ningeiandika ubaoni bila kusita. Lakini Harry Barnes, mkuu wa waongozaji usiku ule wa kwanza, hakukubaliana naye. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wake wanaijua miangwi ya hewa kwa sababu huiona mara kwa mara, na hii haikufanana nayo. Hapo ndipo palipohitajika rekodi, vipimo vya joto la hewa ya usiku ule na wataalamu wa pande zote mbili wakae mezani hadharani. Kilichofuata kilikuwa kinyume chake. Januari 1953 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliwakusanya wanasayansi wachache wakiongozwa na H. P. Robertson. Wasiwasi wao mkubwa ulikuwa ripoti za raia kuziba njia za mawasiliano ya ulinzi, na wakapendekeza umma uelimishwe hadi hamu yake na mambo haya ipungue. Agosti mwaka huohuo jeshi la wanahewa likatoa kanuni, iliyojulikana kama 200-2: maofisa waruhusiwe kuzungumza na waandishi kuhusu tukio ambalo tayari limetambuliwa, na lile ambalo halijatambuliwa libaki ndani.

Soma tena kanuni hiyo polepole. Kinachojulikana kisemwe, kisichojulikana kifungiwe. Raia wa kawaida anayefuatilia magazeti ataona kila kitu kinaelezeka, kwa kuwa visivyoelezeka haviruhusiwi kumfikia. Nikiwa mwalimu nimewahi kumwona mwanafunzi akifuta vipimo vya jaribio ambavyo havikuangukia kwenye mstari wa grafu ili nimpe alama zote. Nilimrudishia karatasi. Vipimo vile vilivyokaa pembeni ndivyo nilivyotaka kuviona.

Wanaotetea siri wana hoja moja nzito, na haifai kuidharau. Rekodi ya rada ya kijeshi haionyeshi kitu kilichopita tu, inaonyesha pia rada yenyewe: inaona mbali kiasi gani, inakosa nini, wapi ina upofu. Adui angelipa fedha nyingi kwa karatasi hiyo. Nakubali. Hakuna nchi itakayobandika uwezo wa rada zake ukutani.

Tatizo ni kwamba kufuli hiyohiyo imetumika kwa mambo mengine kabisa. Mwaka 1997 CIA ilichapisha utafiti wa historia yake uliodai kwamba zaidi ya nusu ya ripoti za vitu visivyotambulika za mwisho wa miaka ya 1950 na miaka ya 1960 zilitokana na ndege zake za ujasusi. U-2, iliyoanza kuruka mwaka 1955, ilipaa zaidi ya kilomita 18 juu, wakati ndege za abiria zilikuwa chini sana, na jua la machweo lilimulika mabawa yake huku ardhini kukiwa na giza. Wachunguzi wa Blue Book, mradi wa jeshi la wanahewa wa kuchunguza ripoti hizo, walilinganisha ripoti na ratiba za safari hizo, wakaujua ukweli, kisha wakawapa wananchi maelezo mengine. Mradi huo ulifungwa mwaka 1969 ukiwa na ripoti 12,618, na 701 kati yake hazikuwa zimetambuliwa. Sasa nani atakayeniambia ngapi kati ya zile "zilizotambuliwa" zilipewa jibu la kweli? Serikali ilipoamua kudanganya kuhusu ndege yake yenyewe, ilijiharibia hata majibu ambayo yalikuwa sahihi. Ndiyo maana uvumi haufi.

Na tabia haikuishia miaka ya 1960. Novemba 2004, rada ya manowari ya Marekani, USS Princeton, iliyokuwa ikisafiri na meli ya kubeba ndege USS Nimitz karibu na pwani ya kusini ya California, ilifuatilia vitu kwa siku kadhaa. Rubani David Fravor alitumwa kwenda kuangalia, akaona kitu cheupe kisicho na mabawa. Dunia ilikuja kusikia habari hiyo kwa upana Desemba 2017, miaka 13 baadaye, kupitia gazeti. Pentagon ikatoa rasmi video tatu Aprili 2020, mojawapo ya tukio hilo. Ni picha za kamera ya joto ya ndege, dakika chache tu. Rekodi za rada, ambazo ndizo zingetuwezesha kupiga hesabu ya kasi na mwinuko, hatukuonyeshwa. Juni 2021 ofisi ya mkurugenzi wa ujasusi ikaripoti matukio 144, ambapo moja tu lilipewa maelezo ya uhakika: puto kubwa lililokuwa likiishiwa hewa. Matukio 80 yalinaswa na vyombo zaidi ya kimoja. Ripoti hiyohiyo ikakiri kwamba marubani huona haya kuripoti kwa kuhofia kudharauliwa. Mzee wangu angewaambia hilo bure.

Halafu ikaja Februari 2023. Baada ya Marekani kuangusha puto la China tarehe 4, ndani ya siku tatu, tarehe 10, 11 na 12, vitu vingine vitatu viliangushwa, juu ya Alaska, Yukon na Ziwa Huron. Mbona ghafla anga imejaa? Jenerali Glen VanHerck, aliyesimamia ulinzi wa anga wa Amerika Kaskazini, alieleza mbele ya waandishi: rada zilikuwa zimewekewa kichujio cha kuondoa vitu vya mwendo wa polepole, na sasa kichujio kimelegezwa. Yaani vitu hivyo huenda vilikuwepo siku zote na mashine iliagizwa isiviseme. Nataka wapenda siri waitazame kauli hiyo. Siku umma ulipotaka jibu kwa nguvu, jenerali alizungumzia mipangilio ya rada hadharani, na ulinzi wa nchi yake haukubomoka.

Wengine walishaonyesha njia. Usiku wa tarehe 30 Machi 1990 Ubelgiji ilipaisha ndege mbili za F-16 kufuatilia miangwi ya ajabu. Jeshi lake, kupitia Kanali Wilfried De Brouwer, liliwaonyesha waandishi kile rada za ndege hizo zilichorekodi na kusema wazi kwamba halina maelezo. Wataalamu waliochambua rekodi hizo baadaye walikuta kwamba baadhi ya miangwi ilikuwa ndege moja ikiinasa nyingine. Jeshi halikuaibika. Lilipata jibu ambalo peke yake halikuwa nalo. Ufaransa nayo, kupitia shirika lake la anga, imekuwa na kitengo cha kuchunguza mambo haya tangu 1977, na mwaka 2007 ilianza kuweka mafaili yake wazi kwenye intaneti.

Nasi tuna mfano wetu, na ninausimulia darasani kwa fahari. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Kwenye matatu nilisikia kila kitu: bomu, kombora, mwisho wa dunia. Siku mbili baadaye Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikuwa limeshatoa taarifa: ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, vipimo vyake ni hivi, uchunguzi unaendelea. Uvumi ulipungua kwenye matatu zilezile. Hakuna aliyewaona dhaifu kwa kusema hawajajua bado ilitoka kwenye roketi ya nani.

Lakini tunaijua pia sura nyingine. Kambi ya jeshi letu ya El Adde, Somalia, ilishambuliwa tarehe 15 Januari 2016, na familia za Kenya zikazika watoto wao bila taifa kutangaziwa rasmi wangapi walikufa. Rais wa Somalia wa wakati huo ndiye aliyetaja makadirio kwenye televisheni. Siwezi kuwaza kwamba serikali inayoona ugumu kusema idadi ya wafu wake itasema kwa hiari idadi ya nukta zake.

Kwa hiyo nimeuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa dola. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu habari za usalama wa taifa zizuiwe, na ni sawa, lakini inachukulia pia kwamba habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 haina tena kinga hiyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ofisi hupewa siku 21 kujibu. Barua yangu ni ya ukurasa mmoja. Siombi uwezo wa rada yoyote inayofanya kazi leo. Naomba kujua ni miangwi mingapi isiyotambulika iliyoandikwa kwenye vitabu vya zamu vya miaka ile, na kama vitabu vyenyewe vingalipo.

Mzee alinisaidia kuiandika. Alinipa tarehe, saa na mwelekeo bila kufikiri hata kidogo, akanisahihisha mahali nilipoandika kilomita badala ya maili, kwa kuwa wao walitumia maili za baharini. Nilipomwomba atie sahihi chini ya yangu kama shahidi, alinirudishia kalamu, akaniambia bado anapokea pensheni.