Ukitaka kasha dogo la kompyuta kwa bei nafuu, achana na Mini-ITX

Wengi wanaotaka kompyuta isiyojaza meza huanza kwa kutazama makasha ya Mini-ITX, yaani yanayopokea madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) za saizi ndogo ya jina hilo. Ni madogo kweli, na baadhi yake bei haitishi. Gharama huja baadaye. Madabodi ya Mini-ITX ina milimita 170 kwa 170, kwa kawaida nafasi mbili tu za RAM na moja ya kadi, lakini mara nyingi huuzwa ghali kuliko ya microATX, saizi iliyo kati ya Mini-ITX na ATX ya kawaida, yenye chipseti (chipu inayosimamia madabodi) ileile. Kasha likiwa dogo sana litadai pawa saplai ya SFX, aina yenye umbo dogo, nayo ni ghali kuliko ya ATX yenye wati zilezile. Bado hujanunua kipozeo kifupi cha prosesa. Pesa uliyookoa kwenye kasha imeshakwisha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mwenye bajeti ndogo anunue kasha la microATX la lita 20 hadi 30, linalopokea pawa saplai ya kawaida ya ATX. Lita unazipata mwenyewe: zidisha upana, kina na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Kasha la 20 kwa 35 kwa 40 ni lita 28. Usiache kupiga hesabu hiyo, maana yapo makasha ya microATX yanayokaribia ukubwa wa yale ya ATX.

Halafu kuna vipimo vitatu vya kutazama kabla ya kulipa. Kwanza kimo cha kipozeo. Wraith Stealth, kinachokuja pamoja na prosesa nyingi za AMD za bei ya chini, kina milimita 54 hivi na huingia karibu popote. Cha mnara chenye feni ya milimita 120 hufika 150 hadi 160. Bakiza milimita tatu, kwa sababu bati la makasha ya bei nafuu ni jembamba na hupinda. Jalada la ubavuni likigusa ncha za mirija ya kipozeo, litanguruma kutwa nzima.

Pili, urefu wa kadi ya grafiki. Soma vizuri kama namba iliyoandikwa imehesabu feni za mbele, kwani nyingi hazihesabu. Feni ina unene wa milimita 25, hivyo nafasi ya 320 inabaki 295. Upana nao husahaulika: kwenye kadi nyingi soketi ya umeme iko ubavuni, na plagi pamoja na mkunjo wa nyaya vinahitaji nafasi kabla ya kufika kwenye jalada. Ukifunga jalada kwa nguvu, plagi hukaa upande, pini hazigusani sawasawa, na hapo ndipo joto linapoanzia.

Tatu, pawa saplai. Ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Kinachobadilika ni kina. Tafuta yenye 140, maana za 160 na 180 humeza nafasi ya nyaya na pengine ya diski. Hiki ndicho kifaa ambacho ningekiongezea pesa, ili nipate yenye nyaya zinazochomoka. Katika kasha dogo, fungu la nyaya zisizotumika hukaa palepale hewa inapopita. Ila usichukue hata waya mmoja wa pawa saplai nyingine: plagi zinaweza kufanana huku mpangilio wa pini ukiwa tofauti, na diski ikaungua pindi unapowasha.

Kuhusu hewa sina subira. Kasha lenye kioo kizima mbele lisinunuliwe, hata likipendeza vipi. Chagua lenye wavu, weka feni moja ya kuingiza hewa mbele na moja ya kuitoa nyuma; kwa mashine ya kawaida zinatosha. Upande wa feni wenye fito za plastiki zinazoshika mota ndiko hewa inakotokea.

Katika kuunganisha, mpangilio wa kazi ndio unaookoa vidole. Weka madabodi juu ya boksi lake la karatasi, funga prosesa, kipozeo, RAM na SSD ya M.2 (diski nyembamba inayochomekwa kwenye madabodi yenyewe), unganisha pawa saplai, kisha gusanisha pini mbili za swichi ya kuwashia kwenye madabodi kwa ncha ya bisibisi. Ikiwaka na kuonyesha picha, endelea. Kumbuka kwamba prosesa isiyo na grafiki ya ndani, kama zile za Intel zenye herufi F, haitaonyesha kitu bila kadi.

Ndani ya kasha, hesabu vinguzo vinavyobeba madabodi. Kilichosimama pasipo na tundu la skrubu ya madabodi hugusa risasi ya kulehemu iliyo chini yake na kusababisha shoti, king'oe. Bati linalozunguka milango ya nyuma ya kuchomeka USB na vinginevyo, kama halikufungwa tayari kwenye madabodi, litangulie, la sivyo utafungua kila kitu upya. Pitisha waya wa umeme wa prosesa, wa pini nne jumlisha nne, kabla ya kukaza madabodi, maana tundu lake huwa kwenye kona ambayo baadaye mkono haufiki. Waya wa USB 3 wa mbele uingie kabla ya kadi. Ni mnene na mgumu. Ukiuvuta ovyo hung'oka pamoja na soketi yake ya plastiki. Kadi ya grafiki ifungwe mwisho.

Ukishafunga jalada, ifanyishe kazi nzito kwa dakika 20, andika joto la prosesa na la kadi, kisha toa uso wa mbele na urudie. Likishuka nyuzi 10 au zaidi, uso huo unazuia hewa: safisha au toa kichujio, na kama haitoshi, ongeza mwendo wa feni ya mbele kwenye BIOS (programu ya mipangilio iliyo ndani ya madabodi) kabla ya kufikiria kununua kipozeo kingine.