Mvua Inasingiziwa

Ikifika Aprili, Dar es Salaam nzima ina jibu moja la maradhi: mvua hizi. Mtoto anaharisha, ni mvua hizi. Homa haishuki, ni mvua hizi. Kwenye daladala, dukani, msibani, hata kwa bwana afya wa kata, mshitakiwa ni yuleyule, na kwa kuwa mvua haina wakili, kesi inaishia hapo hapo.

Mimi sikubaliani na hukumu hiyo. Hali ya hewa inahusika na magonjwa ya kuambukiza, tena sana, nitaeleza hapa chini. Lakini kwa mji huu ninavyoujua, mvua kazi yake kubwa ni kupanga tarehe. Ugonjwa wenyewe tunauandaa sisi wenyewe mwaka mzima, na sehemu kubwa ya maandalizi tunaifanya jua likiwaka.

Angalieni kipindupindu cha 2015. Kilianzia hapahapa Dar, katikati ya Agosti. Agosti, jamani! Huo ni mwezi wa vumbi na upepo wa kusi, masika yameshasahaulika na vuli haijanukia. Kutoka hapa kikasambaa mikoani. Vuli ya mwaka ule ilikuwa ya El Nino, ikakikuta kimeshaweka kambi, na ilipofika katikati ya 2016 wagonjwa nchini walikuwa wamepita 20,000. Mvua ilikisukuma, hilo halina ubishi. Kukileta, haikukileta.

Na namna inavyokisukuma kila aliyepanga uswahilini anaijua, ila hatupendi kuisema mbele za watu. Wakazi wengi wa jiji hili, ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu milioni 5.38, hawajaunganishwa na bomba la majitaka. Wana shimo. Shimo linajaa. Gari la kunyonya haliingii uchochoroni, na hata likiingia bei yake mpangaji wa chumba kimoja anaikimbia. Basi choo kinasubirishwa. Kinafunikwa, kinamwagiwa majivu, watu wanapeana zamu kwa jirani. Siku wingu likitanda kweli, saa nane za usiku, wanaitwa vijana wawili wenye sururu na chepe, wanatoboa ukuta wa shimo upande wa mfereji, na mvua inamalizia kazi. Tunaita kutapisha choo. Asubuhi uwanja umesafishika, mwenye nyumba anashukuru Mungu. Mita mia mbili kuelekea bondeni, yale maji yameingia kwenye kisima kifupi ambacho watu wa huko wanachotea maji ya kunywa, na bomba la plastiki lililopita katikati ya mfereji, lenye kiungo kilicholegea, limeyanyonya pale presha ilipokata. Fuata mkondo huo mpaka mto Msimbazi, uone ni vyoo vingapi vinakutana bondeni Jangwani.

Kwa hiyo mtu anayesema mvua imeleta kipindupindu anasema robo ya habari. Mvua imebeba. Mzigo ulifungwa tangu Juni.

Sasa twende upande wa pili, ambao nadhani tunauelewa kidogo zaidi: kiangazi nacho kina magonjwa yake. Mwaka 2004 kisiwa cha Lamu, kwa ndugu zetu wa Pwani ya Kenya, kilipigwa na chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, mpaka ikakadiriwa kwamba robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Baadaye mwaka huohuo ikafika Mombasa, kisha ikavuka bahari hadi Komoro. Waliochunguza rekodi za hali ya hewa walitegemea kukuta mvua kubwa. Walikuta ukame. Watu walikuwa wamekosa maji, wakawa wanayahifadhi ndani kwenye kila chombo walichonacho, nayo mbu aina ya Aedes hana anachokipenda kama maji masafi yaliyotulia ndani ya chombo, kivulini, karibu na binadamu. (Chikungunya yenyewe si mgeni kwetu. Iliandikwa kitabibu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 huko Newala, uwanda wa Makonde.)

Ukishalijua hilo, ukumbuke mgawo wa maji wa mwishoni mwa 2022, vuli ilipogoma na mto Ruvu ukapungua. Jiji zima liligeuka ghala la maji. Madumu, ndoo za rangi zilizokwisha, mapipa, masufuria ya shughuli, beseni la mtoto, simtanki isiyo na mfuniko. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa na pipa la bluu nyuma ya jiko. Nilimwamkia, nikamwomba nimulike ndani kwa tochi ya simu. Viluwiluwi walikuwa wamejaa juu juu, na mwanga ulipowagusa wote wakazama kwa mpigo mmoja, wakijinyonga kuelekea chini.

“Mwanangu, hayo ni ya kufulia tu,” akaniambia.

Ya kufulia, ndiyo, lakini mbu haulizi matumizi. Na hapa kuna jambo ambalo matangazo yetu ya afya hulipita haraka mno. Huyu mbu hatagi katikati ya maji. Anabandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji yapande. Ukimwaga maji bila kusugua ukuta kwa brashi, umemwaga maji tu. Siku bomba likirudi, au mvua ya kwanza ya vuli ikianguka kwenye gurudumu bovu nyuma ya gereji, mayai ya kiangazi yanaanguliwa. Ndiyo maana huwa nasema ukame na mvua wanafanya kazi zamu kwa zamu.

Halafu kuna joto, na huko ndiko nakubali kabisa kwamba dunia inabadilika na sisi si tuliobadilisha. Kirusi cha dengue, ambayo wengine tunaiita kidingapopo, kikishaingia tumboni mwa mbu huyohuyo wa Aedes hakiwezi kuambukiza mtu papo hapo. Lazima kikomae kwanza. Kwenye nyuzi 25 kinachukua takribani wiki mbili. Kwenye nyuzi 30 kinachukua karibu wiki moja. Mbu maisha yake ni mafupi, wengi hufa kabla ya kumaliza hizo wiki mbili. Kwa hiyo nyuzi chache zikiongezeka, mbu wengi zaidi wanaishi hadi kuwa hatari. Mtu aliyelala Manzese mwezi wa Februari, feni inazungusha joto lilelile usiku kucha, hahitaji kuelezwa nyuzi 30 zikoje. Kwa malaria ni hivyohivyo milimani: kimelea chake hukaribia kusimama kabisa kukua joto likishuka chini ya nyuzi 18, na ndiyo baridi iliyokuwa ikiwalinda watu wa juu kule Lushoto. Kinga ya namna hiyo haina wa kuilipia ikiondoka.

Mwaka 2019 wagonjwa wa dengue nchini walizidi 6,000, wengi mno wakiwa wa Dar. Nakumbuka jinsi homa zilivyokuwa zikipewa jina la mazoea dukani, “malaria na taifodi,” mtu anarudi nyumbani na dawa ya mseto na diklofenaki ya maumivu. Kama ni dengue, diklofenaki, aspirini na ibuprofeni ni hatari kwa sababu zinaongeza uwezekano wa kuvuja damu. Panadol na maji mengi vingetosha wakati unakwenda kupima. Chandarua nacho hakimsaidii sana mtu mzima hapo, maana mbu huyu anauma mchana, asubuhi na alasiri, ukiwa umekaa barazani na chai yako.

Anayeona bado namtetea mvua kupita kiasi nampa mfano wa malaria. Mvua za Dar hazijapungua kiasi cha kujivunia, mabonde bado yanajaa, Barabara ya Morogoro bado inafungwa Jangwani na mabasi ya mwendokasi yanasimama. Hata hivyo maambukizi ya malaria kwa watoto nchini yalishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2008 hadi asilimia 8 mwaka 2022, na Dar iko chini zaidi ya hapo. Vyandarua, vipimo vya haraka na dawa ya mseto vimechangia. Na mji huu uliongeza lake: kuanzia 2004 ulikuwa na mpango wa kudhibiti malaria mjini ambapo wakazi wa mitaa wenyewe walipita kila wiki kukagua madimbwi, mitaro na mashimo ya matofali, na baadaye wakayawekea dawa ya kuua viluwiluwi. Kila dimbwi lilikuwa na mtu wake. Leo tuna kiwanda cha dawa hiyo Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, pua na mdomo kutoka hapa. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza halmashauri zinunue dawa yake. Muulizeni mjumbe wenu kama mtaani kwake ameiona mwaka huu.

Kinachoniudhi ni kwamba hatuwezi hata kudai tumeshtukizwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za vuli kila mwaka kabla hazijaanza. Agosti 2023 walisema wazi kwamba El Nino inakuja na vuli itakuwa kubwa, ikaja, ikawa kubwa. Utabiri ule ulisikika kwenye kila redio. Wakulima walielekezwa wapande nini, wa mabondeni waliambiwa wahame. Choo sikusikia kikitajwa. Pipa sikusikia likitajwa. Tulingoja mgonjwa wa kwanza ndipo vipaza sauti vipande kwenye magari na mama lishe waanze kufukuzwa barabarani, kana kwamba kipindupindu kimezaliwa kwenye sufuria lao la wali.

Najua nitajibiwa kwamba utabiri hukosea. Hukosea, sawa. Miezi mitatu ni mbali na anga lina mambo yake. Lakini choo kikinyonywa Septemba halafu vuli ikagoma, nani amepata hasara? Pipa likisuguliwa na kufunikwa na mvua isinyeshe, ndiyo kwanza limefaa, maana kwenye ukame ndipo pipa lisilofunikwa linapoua.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri zetu ni dogo. Wenye nyumba wa Tandale, Buguruni na Vingunguti wanapokea kodi ya miezi sita mbele, wengine ya mwaka. Itungwe sheria ndogo kwamba choo cha nyumba ya kupangisha kiwe kimenyonywa kabla ya Oktoba, risiti ipelekwe serikali ya mtaa, na pale gari lisipofika ziletwe pampu ndogo za kusukumwa kwa mkono ambazo zinapita uchochoroni. Fedha itoke kwenye kodi hiyo ya mwenye nyumba. Mpangaji alilikuta shimo limeshajaa.