Shuka Moja, Foronya Sita

Jamani, naombeni mnisikilize kwanza. Mtanicheka baadaye.

Mimi nina meza ya puli. Mtumba, futi 8, iliingia kwangu ikiwa imeshakula chumvi nyingi. Kitambaa chake kilikuwa kijani enzi za ujana wake; siku hizi kina rangi ambayo hata muuza rangi hana jina lake. Pale tunapouweka mpira mweupe kufungua mchezo kumejaa vidoa vyeupe kama nyota. Watu wanadhani ni uchafu. Si uchafu, ni kuungua: ukipiga kwa nguvu zote mpira unateleza kabla haujaanza kubiringika, na msuguano ule unachoma nyuzi. Sisi kila anayefungua anapiga kana kwamba mipira ile inamdai.

Katikati kuna mchaniko wa urefu wa kidole. Tuliuziba kwa plasta. Ndiyo, plasta ileile ya kidonda. Mpira ukifika hapo unasita, unaruka kidogo, kama mtu peku aliyekanyaga kokoto, halafu unaenda unakotaka wenyewe. Na msinishangae mkiona tuna mipira miwili ya namba 9, hilo nitalieleza.

Basi nikasema nabadilisha kitambaa. Shemeji yangu, mtu ambaye nyundo yake ni ya kuazima daima, akaniambia: "Shem, hiyo kazi ya saa moja. Ni kama kutandika kitanda."

Kutandika kitanda! Kitanda gani kina bolti 18? Maana huwezi kugusa kitambaa mpaka ung'oe zile kingo za pembeni zenye raba, nazo zimefungwa kwa chini. Kwa hiyo unalala chali sakafuni, tochi mdomoni, spana mkononi, na vumbi la ile choki ya kupaka fimbo linakuangukia machoni. Nilipotoka nilikuwa na nyusi za buluu. Mwanangu akaniamkia kama mgeni.

Kisha pini. Enyi mafundi mliotangulia, mlikuwa na ugomvi gani na hii meza? Mmoja alipiga pini, wa pili akapiga juu ya pini za yule wa kwanza, wa tatu akaona hazitoshi. Nilizing'oa kwa bisibisi na koleo, moja moja, tangu asubuhi mpaka kivuli kikageuka. Saa moja ya shemeji ikapita mara tano, naye muda wote amekaa kitini ananihesabia.

Kitambaa kilipotoka ndipo nikaliona jiwe. Si mbao, ni jiwe kwelikweli, vipande vitatu vilivyopangwa vikashikana, kila kimoja ukikinyanyua peke yako utajua kiuno chako kiko wapi. Zamani walichezea juu ya mbao, mbao zikawa zinapinda na hali ya hewa. Mwaka 1826 Mwingereza mmoja mtengeneza meza, John Thurston, akaleta za mawe. Namshukuru, ila angefikiria na sisi wa kusukuma. Kwenye maungio kulikuwa na nta iliyokauka ikamomonyoka. Nikapitisha ukucha: tik. Kumbe ule mpira uliokuwa unapinda kila nikitaka kumaliza mchezo, mimi nikiulaani mkono wangu, ulikuwa unajikwaa hapo! Miaka yote hiyo nimejidharau bure. Nikayeyusha nta mpya, nikaijaza, nikaikwangua mpaka ukucha ukapita kimya. Nikaweka pima maji. Povu lake likakimbilia kushoto. Nikainua mguu mmoja wa meza, likakimbilia kulia. Tukafukuzana nalo mpaka likachoka.

Sasa kitambaa kipya. Kizuri, jamani! Nikakipapasa kama mtu anayechagua suti ya harusi. Shemeji akakitandaza, nikaanza kubana upande mmoja. Nimeshapiga pini kama 20 hivi, napitisha kiganja, mbona kinakwaruza? Hiki kitambaa kina manyoya mafupi, na manyoya yana njia: yanalala kutoka upande wa kufungulia kwenda upande wa pili. Shemeji amekigeuza kichwa miguuni. Nikang'oa pini zangu mwenyewe, mpya, hata hazijazoea.

Nikamwambia avute. Akavuta kama anayeopoa ng'ombe kisimani. Mikunjo ikahamia kwangu. Nikavuta mimi, ikarudi kwake. Na ni lazima kikaze, maana kikilegea mpira unatembea kama umevaa ndara. Tulipofika kwenye matundu, nikashika mkasi nikasimama. Pale unachanja kidogo ili kitambaa kizame shimoni, na ukichanja kupita kiasi hakuna wa kukushonea. Tundu la kwanza nilichukua robo saa. La sita nilikata nimefumba jicho moja.

Nikadhani nimemaliza. Mama watoto akapita, akatazama ukutani zilikoegemea zile kingo sita, bado na kitambaa cha zamani, akauliza kwa upole wake ule unaouma: "Na foronya je?"

Foronya! Kila ukingo una kitambaa chake, unakibana kwa kijiti chembamba kinachogongwa ndani ya mfereji, kisha unavuta, unafunika raba, unapiga pini kwa nyuma. Mara sita. Shemeji akakumbuka ana safari.

Ni hapo, nimerudi tena chini ya meza kukaza pini za mwisho (jiwe halipigwi pini, zinaingia kwenye ubao ulio chini yake), tochi ikamulika kona ya sanduku la meza. Kitu cha duara. Mstari mwekundu. Namba 11.

Nikakaa kimya hukohuko chini.

Huu mpira ulipotea mwaka jana, tunacheza watu watatu: mimi, shemeji na jirani. Tulitafuta kila mahali, na mimi kwa hekima zangu nikamwambia jirani, eti kwa utani: "Jirani, hebu geuza mifuko." Akageuza. Leso na funguo. Akaaga kwa adabu zote, na tangu siku ile tunasalimiana kwa kichwa tu, mimi nikisema moyoni, mwizi huyo. Ndipo nikatafuta mpira wa kuziba pengo, nikapata namba 9 nyingine, ndogo kidogo kuliko wenzake. Kumbe namba 11 iliruka njia yake, ikajibanza pale, inatusikiliza tunavyochafua jina la mtu.

Nikaitia mfukoni. Ningefanyaje?

Nimetoka tu, nasikia hodi. Jirani! Kelele za stepla zimemleta. "Naona tunaanza upya," anasema, anapapasa kitambaa, anakisifia. Fimbo nikampa mwenyewe. Akapanga mipira pole pole, akafika kwenye namba 9 ya pili, akaigeuzageuza.

"Na ile 11 haijapatikana tu?"

"Haijapatikana," nikasema.

Akafungua. Kitambaa kipya kina kasi ya ajabu, mipira ikatawanyika kama kuku walioona mwewe, mmoja wake ukazama. Akamaliza wa pili, wa tatu. Zamu yangu ikafika. Nikainama kulenga, lile dude likanigonga paja, nikasogea, likanigonga tena, mpira mweupe wenyewe ukaingia tunduni.

Jirani akaniangalia kwa muda.

"Jirani, mbona leo unainama upande?"